Mgeni Njoo, Mwenyeji Aumwe

Simu iliingia Alhamisi saa moja asubuhi. Nina mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni. Shemeji wa Dar. "Shem! Tumeshakata tiketi, kesho tunapanda basi, andaeni kuku!" Nyuma yake nasikia mtoto anapiga chafya. Siyo chafya moja ya kistaarabu. Tatu mfululizo, za majimaji. Nikaisogeza simu mbali na sikio. Nikaifuta na kanga ya mama watoto. Mama watoto akaniangalia. Nikamwambia mtandao una vumbi.

Usinicheke, bwana. Wewe ukipata mafua ni mafua tu. Unavuta kamasi siku nne, unakunywa chai ya tangawizi, unarudi shambani. Mimi nina pumu. Na kisukari. Pumu nimezaliwa nayo, kisukari nimekipata ukubwani kama cheo. Wenzangu wa rika langu hapa Mpitimbi wamepata ng'ombe, wengine pikipiki, mmoja ana mashine ya kukoboa. Mimi nimepata kadi mbili za kliniki. Kwangu mafua ni mradi wa wiki tatu. Yanaanzia puani, yanateremka kifuani, kifua kinapiga filimbi usiku kucha mpaka jirani anauliza kwa nini hatuepui birika. Halafu sukari, ambayo hakuna aliyeiita kwenye kikao, nayo inapanda. Daktari alinieleza kwamba mwili ukipigana na ugonjwa unamwaga sukari kwenye damu. Nikamuuliza, sasa sukari inamwagwa kumpa nani? Akaandika kitu kwenye kadi yangu. Mpaka leo sijui aliandika nini, ila tangu siku ile manesi wananieleza mambo polepole.

Na pampu ninazo mbili. Ya bluu ya kufungua kifua kikibana, ya kahawia ya kuzuia kisibane. Ile ya kahawia inatakiwa kila siku, asubuhi na jioni, hata ukijiona mzima kama jogoo. Mimi nilikuwa naitunza. Niliona kitu kizuri kama kile huwezi kukimaliza hovyo, nikakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Miezi minane. Nesi akaniuliza mbona imejaa. Nikajibu kwa fahari kwamba mimi si mtu wa kufuja. Akasema haya, nioneshe unavyovuta. Nikabonyeza kwanza, nikavuta baadaye, dawa ikatokea puani kama moshi wa kiko. Benchi zima la kliniki likacheka. Kuna bibi mmoja alicheka mpaka akabanwa na yeye, akaomba pampu.

Sasa tatizo la kwetu huku ni Juni. Juni ndiyo mahindi yanavunwa, shule zinafungwa, na ndugu wa mjini wanakumbuka ghafla kwamba damu ni nzito kuliko maji. Wanakuja kutusalimu. Wanakuja na magunia matupu, lakini wanakuja kutusalimu. Na Juni hiyohiyo ndiyo baridi. Upepo unateremka kule milima ya Matogoro kama umetumwa. Hebu fikiria lile basi. Karibu kilomita 1,000 kutoka Dar mpaka Songea. Likifika Makambako abiria wote wamefunga madirisha. Njombe wamefunga na vinywa, wanapumua kwa pua. Mmoja anakohoa kiti cha mbele, anapokelewa kiti cha nyuma. Mtu wa siti ya katikati akishuka Songea anakuwa amebeba hewa ya watu hamsini na kitu, anailetea wapi? Kwangu.

Nikaenda kwa mwalimu mstaafu, yule anayekaa pale kibanda cha chapati akisoma gazeti la juzi. Mwalimu anajua vitu. Nikamwambia, mwalimu, baridi inanijia na basi. Akavua miwani. Akasema baridi haileti mafua, mafua yanaletwa na virusi, na vya aina zaidi ya 200. Mia mbili! Hicho si kitongoji kizima? Akasema ndiyo maana hakuna chanjo ya mafua haya ya kawaida, ukikitia mbaroni kirusi kimoja, binamu zake wako nje. Baridi kazi yake ni kuwafungia watu ndani waambukizane vizuri. Nikakaa chini. Miaka hamsini nimevaa sweta mbili bure.

"Vinapitia wapi?" nikamuuliza.

"Chafya, kikohozi, na mikono. Mtu anafuta pua, anakupa mkono, wewe unajikuna jicho. Basi, umeshamaliza kazi."

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa unajikuna jicho.

Mwalimu akiona una hofu ndiyo anaongeza historia. Akaniambia wageni kuja na vifua vibovu hapa kwetu si jambo la leo. Mwaka 1918, vita ya kwanza ya dunia ikielekea ukingoni, yule jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka mto Ruvuma akitokea Msumbiji na jeshi lake lililochoka, wakapita huku Songea wakielekea kaskazini. Ndani ya safu ile wakaanza kuanguka kwa homa kali ya mafua na mapafu, askari na wapagazi, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa inazikana kwa mafua ya mwaka ule. Walikwenda kuweka silaha chini Novemba 25, kule Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, wakati vita yenyewe Ulaya ilishaisha wiki mbili nyuma. Nikamuuliza mwalimu kama na wale waliondoka na mahindi yetu. Akasema waliondoka nayo, tena bila kuaga.

Nikaona kumbe ni ukoo.

Ushauri wa mwalimu ulikuwa mfupi. Fungua madirisha. Usishikane mikono. Nawa kwa sabuni sekunde 20. Usiguseguse uso. Na jenga kibuyu chirizi. Kibuyu chirizi unakijua, kile kidumu kinaning'inizwa kwenye mti, unafunga kamba, chini unaweka kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachuruzika, unanawa bila kugusa kitu. Wakati wa korona kila nyumba ilikuwa nacho. Changu kilikufa mwaka uleule. Mama watoto alichukua dumu akawekea mafuta ya alizeti.

Kwa hiyo Alhamisi hiyohiyo jioni nikatoka kutafuta dumu. Dumu la lita tano likakataa kabisa kupatikana! Dukani ni la bei. Kwa jirani lina dawa ya mahindi. Nikaishia kilabuni kwa mama muuza komoni. Mimi pombe siruhusiwi, ile kadi ya kisukari inasema wazi. Lakini huwezi kuingia kilabuni kuomba dumu ukatoka mkavu, ni kumdharau mwenye dumu. Nikaonja. Kopo lilikuwa linazunguka, tuko wanne kwenye benchi, wazee wenzangu watupu, hakuna mtu wa Dar hata mmoja. Mmoja amejifunga leso puani, anasinzia. Uchovu wa kupukuchua. Nikawaelezea kwa kirefu habari za virusi. Nikawaambia mgeni ni hatari sana, jamani. Wakaitikia kwa huzuni. Kopo likarudi kwangu mara tano au sita. Nikatoka na dumu langu, najiona nimeshinda.

Ijumaa mchana nikasimika mitambo. Miti miwili, fito juu, kamba, kijiti, sabuni nimeitia kwenye wavu wa vitunguu. Nikakiweka palepale mlangoni, mtu asiingie bila kukiona. Saa nane mbuzi akala sabuni. Nikaweka nyingine. Kuku akajifunza kukanyaga kijiti ili anywe maji. Mtoto wa jirani akajifunza kwa kuku. Kufika jioni nimejaza dumu mara saba na mlangoni pamekuwa jaruba la mpunga.

Wageni wakaingia saa tano usiku, na Noah ya kukodi kutoka mjini. Nimejipanga. Nimevaa barakoa ya kitenge, ile fundi alinishonea mwaka 2020, nimeikuta ndani ya Biblia kwenye Kitabu cha Ayubu. Taa ya sola inafifia. Wanashuka mmoja mmoja: shemeji, mume wake, yule mtoto wa chafya, na nyuma kabisa baba mdogo wa mama watoto, mzee wa heshima zake, ambaye hakuna aliyenitaarifu kwamba yumo.

Angekuwa mama mkwe, ningepona. Mama mkwe ndiye mgeni pekee ambaye mila inaniruhusu nikae naye mbali, nimsalimie nimeinama, nipite ukutani kama mjusi. Natamani binadamu wote wangekuwa mama wakwe zangu. Lakini baba mdogo yule anasalimia kwa mikono miwili. Anakushika, hakuachii. Anauliza mahindi, mbuzi, paa la nyumba, deni la chama, na vyote hivyo mkono wako uko kwake unatokota. Nikamwona anakuja, mikono imetangulia. Nikakumbuka ile picha ya Machi 2020, Rais Magufuli na Maalim Seif pale Ikulu wanasalimiana kwa kugusanisha miguu, wanacheka, kitu kizuri kabisa. Nikasema kama wakubwa wale waliweza, mimi ni nani. Nikasema, "Shikamoo baba," nikarusha mguu.

Ndugu yangu, giza lile. Na barakoa imenipanda machoni. Sikumgusa kiatu. Nilimpata kidole gumba, na kidole gumba hicho kina jongo. Mzee ametoka Dar mpaka Songea ameketi, kidole amekiinua juu ya begi kama mtoto mchanga, akakifikisha salama, kikaja kupigwa teke na mkwe wake mlangoni.

Alilia kwa Kingoni. Sitatafsiri.

Basi usiku ule sikuwa na la kusema. Nilionesha kibuyu chirizi, shemeji akashukuru, akauliza choo chenyewe kiko upande gani. Nikafungua madirisha yote mawili, mume wa shemeji akayafunga. Nikafungua. Akafunga. Akaniuliza kwa upole, "Shem, hicho kitambaa mdomoni, vipi, TB?" Nikasema hapana, ni tahadhari. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mtu anayesema gari lake ni zima, ni betri tu. Chakula kikaja, ugali kwenye sinia moja, kuku bakuli moja. Nikachukua sahani yangu pembeni. Kimya. Mama watoto akanikanyaga. Baba mdogo akauliza ukutani, siyo mimi, akauliza ukuta: "Siku hizi huku mtu mzima anajitenga na sinia?" Nikarudi kwenye sinia. Mtoto upande wangu wa kulia. Akapiga chafya. Nikainama chini ya meza kama nimedondosha kitu. Nikakaa hukohuko mpaka ugali ukaisha. Ndiyo, nililala njaa nyumbani kwangu, kwenye kuku wangu.

Jumamosi saa kumi alfajiri nikaamka koo linawasha.

Sikungoja kupambazuke. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikimeza mate, kila nikimeza kama nimemeza gunzi. Kulipokucha pua nayo ikafungua bomba. Nikatoka sebuleni, wote wako kwenye chai, nikamnyoshea kidole mtoto wa miaka sita. Nikasema, "Huyo!" Nikasema mengi. Nikasema mmeniletea virusi 200 kutoka Dar, nikasema 1918, nikamtaja na Lettow-Vorbeck. Mtoto akaanza kulia. Shemeji akaweka kikombe chini taratibu sana. Mwanamke akiweka kikombe chini taratibu, kimbia.

"Mwanangu ana aleji ya vumbi," akasema. "Anapiga chafya tangu amezaliwa. Hana homa, hana kikohozi, hana kamasi. Mwenye kamasi ni wewe."

Nikamwita mwalimu aje kunitetea. Kosa kubwa. Mwalimu alikuja na kalamu. Akaketi, akapewa chai, akaanza kuhesabu mbele ya watu wote kama kesi ya baraza la kata. Wageni wamefika lini? Ijumaa saa tano usiku. Koo limeanza lini? Jumamosi saa kumi alfajiri. Saa tano tu, akasema, ni mapema mno. Mafua kwa kawaida yanakaa mwilini siku moja mpaka tatu ndipo yajioneshe. Nikaruka, "Kwani mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?" Akasema methali haihusiki, jibu swali. Alhamisi ulikuwa wapi?

Nikasema nilikuwa natafuta dumu.

"Wapi?"

Nikaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha kweli lakini hakuna aliyeamini. Mama watoto akajibu kwa niaba yangu. Akaeleza saa niliyorudi, nilivyokuwa nanukia, na wimbo niliokuwa naimba. Mwalimu akauliza kilabuni ulikunywa kwenye kopo la nani. Nikasema la wote. Mlikuwa wangapi? Wanne. Kuna aliyekuwa anaumwa? Hapo nikakumbuka ile leso. Jamani, ile leso! Nikasema hapana.

Baba mdogo alicheka mara ya kwanza tangu afike. Alicheka mpaka akasahau kidole, akapiga mguu chini, akalia tena kwa Kingoni.

Tangu saa ile mambo yakageuka. Shemeji akahamishia mkeka wake upande wa pili wa ua. Kumbe mume wake ana presha, baba mdogo ana jongo na figo zinamsumbua, hawataki mafua ya kijijini. Madirisha niliyokuwa napigania wakayafungua wao, yote, usiku, mimi natetemeka. Sahani ya peke yangu nikaletewa bila kuomba. Niliwekewa na kijiko cha peke yangu, kimefungwa uzi mwekundu kisichanganywe. Nikamtuma kijana anunue amoksilini dukani, shemeji akamrudisha njiani, akasema mafua ni virusi, dawa hiyo ni ya bakteria, usitupe hela. Kila mtu katika nyumba hii anajua kuliko mimi. Kifua kikaanza filimbi. Nikachukua ya bluu, nikaomba na ya kahawia. Yule mtoto ndiye aliyenisimamia. "Toa pumzi kwanza, babu. Sasa bonyeza, vuta polepole. Sasa bana pumzi." Darasani kwao kuna mwenzake ana pumu. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ile ifike kifuani kwangu.

Jumapili nikajikokota kanisani. Nilikaa nyuma, lakini habari ilishanitangulia na bodaboda. Padri aliposema tutakiane amani, benchi langu likahama. Lilihama kwa adabu. Mmoja alikumbuka mtoto nje, mwingine kiatu chake kikafunguka. Nikabaki nimeshika mkono wangu mwenyewe. Mbele kule nikamwona yule wa leso, mzima, anang'aa, anagawa amani kwa mikono miwili mpaka kwa wanakwaya.

Wageni walipanga kukaa wiki. Jumatatu asubuhi Noah imeshafika. Magunia matatu ya mahindi yamepanda juu, mkungu wa ndizi, kuku wawili wamefungwa miguu. Nikatoka kuaga, na barakoa yangu, sauti imekauka kama debe. Mtoto akanizuia mlangoni, akanionesha kibuyu chirizi. "Nawa kwanza, babu." Nikakanyaga kijiti. Kuku watatu wakaja wamepanga foleni. Nikasugua. Nikataka kuondoka. "Bado, babu. Umefika kumi na moja tu." Akahesabu mwenyewe kwa sauti mpaka ishirini, dereva ananisubiri, wageni wote kwenye gari wamenitazama.

Nikasogea. Shemeji akapandisha kioo mpaka nusu, akanipungia kwa vidole viwili. Mume wake akaniinamia kichwa kutokea mbali, kama mimi ndiye mama mkwe. Baba mdogo alikuwa kiti cha mbele, mlango bado uko wazi. Nikasimama hatua nne, nikasema safari njema, baba. Hakunipa mkono. Akanitazama muda mrefu. Kisha akainua mguu, ule mzima, akaniambia nisogee karibu kidogo.